Lazareti: neno la kale la hospitali za karantini lenye maana zinazopingana

LAZARETI si neno linalosikika katika mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili. Hata hivyo, msomaji wa historia ya bandari, wa riwaya za Ulaya, au wa kumbukumbu za utawala wa Kijerumani katika Tanganyika hukutana nalo mara kwa mara, na si mara chache limempoteza njia. Katika lugha moja ni nyumba ya kuwazuilia wasafiri wanaoshukiwa kuwa na maradhi. Katika nyingine ni makazi ya watu wenye ukoma. Katika ya tatu ni hospitali ya majeruhi wa vita, na katika ya nne ni hospitali ya kawaida ambako mama huenda kujifungua. Kwa mabaharia wanaotumia Kiingereza, ni stoo ndogo upande wa tezi.

Kwa maana yake ya msingi, lazareti ni jengo, ua au kisiwa kilichotengwa na wakuu wa bandari ili kupokea watu na bidhaa zilizotoka mahali penye maradhi ya kuambukiza. Kiswahili cha leo hutumia neno moja, karantini, kwa mambo matatu: amri ya kuzuiwa, muda wa kuzuiwa na mahali penyewe pa kuzuiliwa. Lugha za pwani ya Bahari ya Kati ziliyatofautisha. Karantini ilikuwa hesabu ya siku. Lazareti ilikuwa kuta, malango na walinzi ambamo siku hizo zilihesabiwa. Kiarabu nacho kina neno lake la mahali, mahjar, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuzuia.

Karantini yenyewe ina asili iliyo wazi. Ni neno la Kiitaliano cha Venice, kutokana na quaranta, yaani arobaini, kwa sababu muda wa kuzuiliwa ulifikia siku 40. Wasomaji Wakristo wataona udugu ambao aghalabu hautajwi: Kwaresima, mfungo wa siku 40 kabla ya Pasaka, inatokana na mzizi huohuo wa Kilatini, ikiwa imefika kwetu kwa njia nyingine. Asili ya lazareti haina uwazi wa namna hiyo. Neno hilo ni mtoto wa baba wawili, kama si watatu.

Kisiwa cha Maria wa Nazareti

Venice haikuwa ya kwanza kuwazuilia wasafiri. Tarehe 27 Julai, 1377, Baraza Kuu la mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Croatia, liliamuru kwamba yeyote atokaye mahali penye tauni asiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mmoja katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji jirani wa Cavtat. Tauni kubwa iliyoanza kuiangamiza Ulaya mwaka 1347 ilikuwa ingali ikirudi kila baada ya miaka kadhaa, na Ragusa iliishi kwa biashara ya majahazi. Kufunga bandari kungewaua kwa njaa. Kuiacha wazi kungewaua kwa tauni. Siku 30 zilikuwa njia ya kati.

Amri hiyo ilihusu muda. Lililokosekana ni nyumba ya kudumu, yenye msimamizi, bajeti na milango inayofungwa. Hilo lilifanywa na Venice mwaka 1423, seneti yake ilipoamua kuanzisha hospitali ya wagonjwa wa tauni katika kisiwa kilichokuwa na nyumba ya watawa iliyoitwa Santa Maria di Nazareth, yaani Mtakatifu Maria wa Nazareti. Watu walikiita kisiwa hicho Nazaretum au Nazaretto.

Kutoka Nazaretto hadi Lazzaretto ni hatua ya herufi moja, na wataalamu wengi wa lugha wanakubali kwamba N iligeuka L kwa kuvutwa na jina jingine lililokuwa tayari midomoni mwa watu wa Venice, yaani Lazaro. Karibu na hapo, katika maji yaleyale, kulikuwa na kisiwa cha San Lazzaro ambacho tangu karne ya 12 kilitumika kuwahifadhi watu wenye ukoma. (Kisiwa hicho kipo hadi leo, lakini tangu mwaka 1717 ni makao ya watawa wa Kiarmenia, mashuhuri kwa maktaba yao.) Mji uliokuwa na Nazareti ya wenye tauni na Lazaro ya wenye ukoma, majirani wakionana kwa macho, haukukawia kuyachanganya majina hayo mawili.

Mwaka 1468 Venice iliamua kujenga lazareti ya pili kwenye kisiwa kingine. Ya kwanza ikaitwa Lazzaretto Vecchio, ya Kale, na ya pili Lazzaretto Nuovo, Mpya. Ya Kale iliendelea kuwa ya wagonjwa. Mpya ilikuwa ya watu wazima wa afya waliotoka safarini, pamoja na wale waliokwisha kupona. Hapo ndipo Venice ilipoweka mpaka ambao magazeti mengi, hata katika miaka yetu, huuvuka bila kujua: kumtenga aliye mgonjwa ni jambo moja, na kumzuilia asiye mgonjwa hadi ijulikane hali yake ni jambo jingine. Mtu wa kwanza huhitaji tabibu. Wa pili huhitaji chakula, malazi na saa ya kuhesabia.

Katika Lazzaretto Nuovo lingaliko ghala kubwa liitwalo Tezon Grande, lenye urefu wa zaidi ya meta 100. Kwenye kuta zake mahamali wa karne ya 16 waliandika kwa rangi nyekundu majina, tarehe, alama za wafanyabiashara na habari za merikebu zilizofika. Katika kisiwa cha Kale maandishi ni ya namna nyingine: wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi huko katika miaka ya 2000 walikuta mifupa ya zaidi ya watu 1,500 katika makaburi ya halaiki.

Akina Lazaro wawili

Baba wa pili wa neno hili, Lazaro, naye ana utata wake. Katika Injili kuna akina Lazaro wawili ambao hawahusiani. Mmoja, katika Luka sura ya 16, ni maskini mwenye vidonda mwili mzima, aliyelala mlangoni mwa tajiri huku mbwa wakimlamba. Mwingine, katika Yohana sura ya 11, ni Lazaro wa Bethania, ndugu yao Martha na Mariamu, aliyefufuliwa baada ya siku nne kaburini. Wa kwanza ni mtu wa mfano uliosimuliwa na Yesu, na wa pili anasimuliwa kama rafiki yake.

Wakristo wa Ulaya ya zama za kati hawakuwatenganisha. Vidonda vya maskini yule walivifasiri kuwa ukoma, na ufufuo wa Lazaro wa Bethania ukawa tumaini la mtu ambaye jamii ilikwisha kumhesabu kuwa mfu. Mjini Yerusalemu, katika karne ya 12, Shirika la Mtakatifu Lazaro liliwahudumia watu wenye ukoma nje ya kuta za mji. Kiingereza cha kale kilimwita mwenye ukoma lazar. Kihispania kiliuita ukoma ugonjwa wa Mtakatifu Lazaro, na huko Colombia lazareto lilikuwa jina rasmi la makazi ya kuwatenga wenye ukoma, maarufu zaidi yakiwa Agua de Dios, yaliyoanzishwa mwaka 1870.

Mchanganyiko huo unaonekana hadi leo nchini Cuba. Kila tarehe 17 Desemba maelfu ya mahujaji, wengine wakijiburuta kwa magoti, huelekea kanisa la San Lázaro huko El Rincón, lililo kando ya hospitali iliyokuwa ya wenye ukoma. Sanamu wanayoiheshimu ni ya maskini mwenye magongo na mbwa wake. Tarehe wanayoiadhimisha, kwa kalenda ya kale ya kanisa, ilikuwa ya Lazaro wa Bethania. Na kwa wengi wao mtakatifu huyo ndiye pia Babalú Ayé, mwenye mamlaka juu ya maradhi katika dini iliyovuka Atlantiki pamoja na watumwa wa Kiyoruba.

Jina likishaangukia upande wa maskini, huendelea kuteremka. Mjini Naples wakazi fukara wa mitaani waliitwa lazzaroni, na Kiitaliano cha leo humwita lazzarone mtu mvivu na mlaghai. Waholanzi wamekwenda mbali zaidi: kwao mtu aliye lazarus ni mlevi asiyeweza kusimama. Maskini wa mlangoni pa tajiri angeshangaa kusikia hayo.

Jinsi lazareti ilivyofanya kazi

Kuanzia karne ya 16 hakuna bandari kubwa ya Bahari ya Kati iliyoweza kufanya biashara na Misri, Sham au Uturuki bila lazareti. Malta ilijenga ya kudumu mwaka 1643 katika kisiwa kinachoitwa leo Manoel. Milan, isiyo na bahari, ilijenga yake nje ya lango la mji kuanzia mwaka 1488: ua mkubwa wa mraba uliozungukwa na vyumba 288. Msanifu anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeuchora aliitwa, kwa sadfa ya ajabu, Lazzaro Palazzi. Humo ndimo tauni ya mwaka 1630 ilimokusanya maelfu ya wagonjwa, na humo ndimo Alessandro Manzoni alipowakutanisha tena wapenzi wa riwaya yake ya Wachumba, inayosomwa na kila mwanafunzi wa Italia.

Utaratibu ulianza kabla ya nanga kushuka. Nahodha alitoa hati ya afya iliyoandikwa katika bandari alikotoka. Hati safi ilimaanisha kwamba huko hakukuwa na maradhi. Hati chafu ilimaanisha kwamba yalikuwapo merikebu ilipoondoka. Kati yao kulikuwa na hati ya shaka. Urefu wa kizuizi ulitegemea hati hiyo. Barua zilitumbukizwa katika siki au kufukizwa moshi, na sarafu nazo zilioshwa kwa siki. Pamba, sufu, hariri na ngozi, bidhaa zilizoogopwa kuliko chuma au nafaka, zilifunguliwa na kuanikwa kwa majuma kadhaa. Mahamali waliozitia mikono ndani ndio waliokuwa kipimo: wakiugua, shehena ilikuwa na tauni.

Msafiri alipewa mlinzi wa kumfuata kila aendako ili asimguse mtu wa kundi jingine. Wageni walizungumza naye kwa mbali, vyuma vikiwa kati yao. Akimgusa mtu aliyeingia jana, hesabu ya siku zake ilianza upya. Na kwa kawaida gharama zilikuwa zake: chakula, samani za chumba, hata ujira wa mlinzi huyo.

Mtu aliyeyaeleza haya kwa undani kuliko wengine ni Mwingereza John Howard, mpigania marekebisho ya magereza. Mwaka 1786, akiwa Smyrna, alichagua kwa makusudi merikebu yenye hati chafu, ili azuiliwe Venice na kuiona lazareti kwa ndani. Alikaa humo takribani majuma sita. Alilalamika kwamba kuta za chumba chake hazikuwa zimesafishwa kwa miaka mingi na kwamba harufu yake ilimuumiza kichwa, mpaka akapata chokaa na kuzipaka upya. Kitabu chake kuhusu lazareti kuu za Ulaya kilichapishwa mwaka 1789. Haikuwa bahati mbaya kwamba mchunguzi wa magereza ndiye aliyeziandikia hospitali hizi: alikuta makufuli, pingu za kanuni na uchafu alioujua.

Lakini lazareti iliyolegeza kanuni ilikuwa hatari kuliko iliyokaza. Tarehe 25 Mei, 1720, merikebu Grand-Saint-Antoine ilifika Marseille kutoka Sham ikiwa na shehena ya thamani ya vitambaa na pamba. Mabaharia kadhaa walikuwa wamekufa njiani. Badala ya kupelekwa katika kisiwa cha mbali, sehemu kubwa ya shehena iliruhusiwa kuingia katika lazareti ya mji wakati soko la kiangazi likikaribia na wenye mali wakiwa na vyeo katika utawala wa mji. Vitambaa vikapenya nje ya kuta. Marseille ilikuwa na watu wapatao 90,000. Takribani 40,000 walikufa, na tauni hiyo ikaendelea hadi mwaka 1722 katika jimbo zima la Provence.

Neno lilipovaa sare

Kaskazini mwa milima ya Alps, lazareti ilibadilika. Majeshi ya Kijerumani yalilichukua neno hilo na kuliita Lazarett kila hospitali ya askari, iwe katika jengo la matofali au katika hema nyuma ya mstari wa vita. Warusi wakafuata: lazaret kwao ni hospitali ndogo ya jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Malkia Alexandra na mabinti zake wawili wakubwa walifanya kazi ya uuguzi katika lazareti ya Tsarskoye Selo, wakifunga vidonda vya maofisa, wala hapakuwa na karantini yoyote hapo.

Hii ndiyo maana inayowahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika kampeni ya mwaka 1914 hadi 1918, jeshi la Wajerumani lililopigana kutoka Tanga hadi Msumbiji lilikuwa na hospitali zake za vita, na katika hati za Kijerumani hizo ni Feldlazarett. Mfasiri anayekuta sentensi isemayo kwamba askari fulani alipelekwa kwenye Lazarett, naye akaandika kwamba alipelekwa karantini, huwa amebadilisha historia ya mtu. Aliyepigwa risasi ya paja anageuzwa kuwa mgonjwa wa kuambukiza, na wajukuu zake watasoma hivyo. Kijerumani kilipotaka kutaja maradhi ya mlipuko kiliongeza neno mbele, kama katika Seuchenlazarett. Pasipokuwa na nyongeza hiyo, tafsiri salama ni hospitali ya jeshi.

Wasweden nao waliipeleka lazareti hadi mwisho wa safari yake. Hospitali yao ya kwanza ya kisasa, iliyofunguliwa Stockholm mwaka 1752, iliitwa Serafimerlasarettet, na tangu hapo lasarett likawa jina la hospitali ya umma ya kawaida. Mswidi aliyezaliwa kwenye lasarett hana kumbukumbu yoyote ya tauni katika neno hilo, kama vile Mswahili anenaye hospitali asivyowaza wageni waliokaribishwa kulala, ambao ndio asili ya neno hilo la Kilatini.

Stoo ya merikebu, ambayo Kiingereza huiita lazarette, imezua maelezo mengi vijiweni mwa mabaharia, mengine yakidai kwamba humo zililazwa maiti za matajiri. Lililo hakika ni dogo zaidi: ni sehemu iliyotengwa, mbali na watu, upande wa nyuma wa chombo, na leo huwekwa kamba na vipuri.

Kuna matumizi moja ya neno hili ambayo kamusi nyingi huyaruka. Katika kambi ya Treblinka, iliyojengwa na Wanazi katika Poland waliyoikalia na kufanya kazi ya mauaji tangu Julai 1942 hadi mwaka 1943, palikuwa na ua mdogo uliozungushiwa uzio na kupandishwa bendera ya Msalaba Mwekundu. Walinzi wa SS waliuita Lazarett. Wazee, wagonjwa na watoto wasio na wazazi waliposhushwa kwenye treni, waliambiwa kwamba wanapelekwa huko kutibiwa. Nyuma ya uzio kulikuwa na shimo, na kando yake walipigwa risasi. Hila hiyo iliwezekana kwa sababu katika Kijerumani neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa la uponyaji. Myahudi mzee aliyepigania Ujerumani katika vita iliyotangulia huenda alikuwa amewahi kulala katika lazareti ya kweli.

Katika Bahari ya Hindi

Wafaransa ndio walioleta neno hili karibu na pwani yetu. Katika kisiwa cha Réunion, huko La Grande Chaloupe, palijengwa katika miaka ya 1860 lazareti mbili za kuwapokea wafanyakazi wa mkataba, wengi wao kutoka India na wengine kutoka Madagaska, Comoro na pwani ya Afrika, waliokuja kulima miwa baada ya utumwa kufutwa mwaka 1848. Tofauti na mfanyabiashara wa Venice, mtu huyu hakuzuiliwa njiani kwenda kwake. Lazareti ilikuwa chumba cha kwanza cha maisha yake mapya, na aliyefia humo alizikwa bila kuiona miwa. Majengo ya lazareti namba moja yamekarabatiwa na sasa ni mahali pa kumbukumbu.

Upande wa Bahari ya Shamu, dola ya Uthmaniya ilianzisha mwaka 1882 kituo katika kisiwa cha Kamaran, karibu na Yemen, kwa ajili ya mahujaji waliokuja Makka kutoka kusini, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kimesafiri na misafara ya hija mara kadhaa katika karne hiyo. Waturuki hawakuhitaji Lazaro: waliita kituo cha namna hiyo tahaffuzhane, nyumba ya kujihifadhi. Mjini Beirut, kituo cha miaka ya 1830 kiliacha jina lake kwa mtaa mzima wa Karantina, jirani na bandari. Mtaa huo uliona mauaji ya halaiki Januari 1976, na tarehe 4 Agosti, 2020, ukavunjwavunjwa na mlipuko wa bandarini.

Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, sababu ya kuwa na lazareti ilianza kuyeyuka. Robert Koch alitambua vijidudu vya kipindupindu mwaka 1883 na 1884, Alexandre Yersin akavipata vya tauni mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akaonyesha mwaka 1898 kwamba viroboto wa panya ndio wanaoieneza. Kumbe siki ya barua haikuwa na faida kubwa, na panya walioingia na kutoka kwenye lazareti hawakuwa na hati ya afya. Vituo vilivyojengwa baadaye vilipewa majina mapya, yenye harufu ya maabara zaidi ya kanisa.

Ndivyo ilivyokuwa Zanzibar. Kisiwa cha Changuu, mwendo wa chini ya nusu saa kwa mashua ya injini kutoka Forodhani, kilinunuliwa mwaka 1893 na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani. Likajengwa humo gereza. Wafungwa hawakufika. Majengo yaligeuzwa kuwa kituo cha karantini, hasa kwa hofu ya homa ya manjano, na abiria wa meli walikaa humo wakiangaliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Waingereza, ambao kufikia wakati huo walikuwa wamekwisha kuliacha neno lazareti katika vitabu, hawakulitumia hapo.

Kiswahili, basi, kilipokea karantini bila nduguye, na upungufu huo ulijitokeza mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo Tanzania iliagiza kwamba wasafiri wanaoingia kutoka nchi zenye maambukizi ya korona wakae siku 14 mahali palipoteuliwa, kwa gharama zao wenyewe. Kenya nayo iliwapeleka waliowasili katika hoteli na mabweni ya vyuo, na malalamiko ya bili hayakukoma mpaka mwezi Mei, serikali ilipokubali kubeba gharama katika vituo vya umma. Aprili, picha za watu wakiruka ukuta wa kituo kimoja jijini Nairobi zilisambaa kwenye simu. Vyombo vya habari viliandika kwamba "wagonjwa wametoroka karantini", ingawa wengi wa waliokuwa humo hawakuwa wamethibitika kuwa wagonjwa. Jirani wa mtu aliyetoka humo hakuihitaji kamusi ili amkwepe.

Watafsiri na wahariri wana maneno ya kutosha kuutunza mpaka huo hata bila kuliazima neno la Venice. Kumtenga mgonjwa na kumweka karantini asiyejulikana hali yake ni vitenzi viwili ambavyo tayari vipo. Kwa mahali, kituo cha karantini kinatosha katika habari za leo, na lazareti ibaki kwa historia, ikiambatana na maelezo mafupi ya nchi na karne, kwa kuwa bila hayo neno hilo halina maana moja.

Kisiwa cha Changuu hutembelewa leo na watalii wanaokuja kuwaona makobe wakubwa, uzao wa wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kwenye mabango na katika midomo ya waongozaji bado kinaitwa Kisiwa cha Gereza.